Hima Katika Historia ya Uislamu na Wanyama wa Katavi

 

Hapa Kashaulili, katikati ya mji wa Mpanda, kuna maswali mawili ambayo maimamu na walimu wa madrasa huulizwa mara kwa mara, na aghalabu huulizwa kwa sauti ya chini. La kwanza: nyama ya porini inayopita njia za usiku kutoka upande wa Sitalike, ikiwa ni ya swala, kongoni au nyati, je, ni halali kuliwa? La pili lina uchungu zaidi: hizi ardhi zilizofungwa, ambazo mtu akiingiza ng'ombe wake hukamatwa, na akikutwa na kipande cha nyama hufunguliwa kesi ya nyara za serikali, je, zina asili yoyote katika dini yetu, au ni jambo la Wazungu walilotuachia?

Wako wanaojibu haraka kwa aya ya 29 ya Suuratul Baqarah, kwamba Mwenyezi Mungu ameviumba vyote vilivyomo ardhini kwa ajili ya wanadamu, basi hakuna wa kumzuia mtu na riziki yake. Na wako wanaojibu haraka vile vile kwamba serikali imekataza, basi maneno yamekwisha. Ndugu msomaji, majibu yote mawili yameruka mlango mzima wa fiqhi na historia ambao wanavyuoni wetu waliuandika kwa upana, nao ni mlango wa hima. Neno hili kwa Kiarabu lina maana ya mahali palipozuiwa na kulindwa. Tuanze nalo.

Kabla ya Uislamu Waarabu waliijua hima, lakini ilikuwa ya dhulma. Imam Shafii ametaja kwamba mkubwa wa kabila alipofika kwenye bonde lenye majani mazuri alimpandisha mbwa wake juu ya kilima akambwekesha, na pale sauti ya mbwa ilipokomea kila upande ndipo ulipokuwa mpaka wa hima yake. Ndani ya mpaka huo hachungi mtu isipokuwa yeye, na nje yake huchunga pamoja na watu wengine. Mashuhuri zaidi katika hao alikuwa Kulayb wa kabila la Taghlib. Inasimuliwa kwamba alifika hadi ya kuwapa hifadhi wanyama wa mwitu na ndege wa eneo lake, mtu asiwaguse. Siku moja alimpiga mshale ngamia jike wa mgeni wa mwanamke mmoja aitwaye Basus kwa kuingia ndani ya hima yake. Jassas bin Murra akamuua Kulayb kwa ajili hiyo, na vita baina ya Bakr na Taghlib, ambao ni ndugu, vikadumu kwa miaka ambayo wasimulizi huifikisha arubaini. Asili ya damu yote hiyo ni malisho yaliyofungwa na mtu mmoja kwa ajili ya nafsi yake.

Uislamu ulipokuja haukuifuta hima. Uliivua mikononi mwa wakubwa. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas kutoka kwa Swahaba as-Sa'b bin Jaththama (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alitangaza kuwa hima haiwi ila ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Maana yake, kama walivyoifafanua wanavyuoni, hakuna mtu mwenye haki ya kuifunga ardhi ya wote kwa faida yake binafsi. Ikifungwa, ifungwe kwa maslahi ya umma. Katika mapokezi hayo hayo imetajwa kuwa Mtume (s.a.w.) aliifanya an-Naqi' kuwa hima, na kwamba baadaye Sayyidna Umar (r.a.) aliziwekea hima ash-Sharaf na ar-Rabadha. An-Naqi' ilikuwa ya farasi wa Waislamu. Ar-Rabadha ndiyo ile aliyokwenda kuishi Abu Dharr (r.a.) mpaka akafariki huko mwaka 32 Hijria.

Hapa kuna jambo ambalo wanafunzi wetu wengi hulipita bila kulitazama. Huyu as-Sa'b bin Jaththama, mpokezi wa hadithi ya hima, ndiye yule yule aliyemletea Mtume (s.a.w.) zawadi ya punda mwitu mahali panapoitwa al-Abwaa au Waddan, Mtume akamrudishia. Alipoona uso wa as-Sa'b umebadilika kwa huzuni, alimweleza kwamba hawakuirudisha ila kwa sababu walikuwa ndani ya ihram. Kwa hiyo mtu mmoja, bedui wa jangwani na mwindaji, ndiye aliyetufikishia hukumu mbili: kwamba ardhi yaweza kuzuiwa kwa maslahi, na kwamba nyama iliyo halali kwa asili yake yaweza kuwa haifai kupokelewa kwa sababu ya wakati, mahali au hali. Na utazame adabu yake: kukataa kulikuja na sababu yake, kwa upole, ili mwindaji asirudi nyumbani akidhani amedharauliwa.

Tukija kwa Sayyidna Umar, habari zimekuwa pana zaidi, nazo zinatuhusu zaidi. Bukhari amepokea kwamba Umar alimweka mtumwa wake aliyemwacha huru, jina lake Hunayy, kuwa msimamizi wa hima. Leo tungemwita askari wa wanyamapori au mhifadhi mkuu. Wasia aliompa ungefaa kusomwa katika kila kituo cha askari wa hifadhi. Alimwamuru awe mpole kwa Waislamu na aiogope dua ya aliyedhulumiwa, kwani hiyo hujibiwa. Akamwamuru amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache. Kisha akamtahadharisha na mifugo ya watu wawili kwa majina yao: Abdurrahman bin Awf na Uthman bin Affan. Hawa ni katika waliobashiriwa pepo, lakini walikuwa matajiri. Sababu aliyoitoa ni ya kiongozi anayejua maisha: hao wawili mifugo yao ikifa wanayo mashamba na mitende ya kurudia, ama yule maskini mifugo yake ikifa atakuja na watoto wake mlangoni kwa Amirul Muuminin kulia, na hapo Umar itambidi atoe dhahabu na fedha, ilhali maji na majani yangekuwa rahisi zaidi kwake.

Kisha akasema jambo zito zaidi. Alikiri kwamba watu wa ardhi ile wanaona amewadhulumu, kwa kuwa ni nchi yao: waliipigania katika zama za ujahilia, na wakasilimu nayo ikiwa mikononi mwao. Akaapa kwamba lau si wanyama anaowapakiza watu katika njia ya Mwenyezi Mungu, asingefunga hata shubiri moja ya ardhi yao.

Ona, kiongozi yule hakusema kwamba wanaolalamika ni wajinga wasiojua faida ya hifadhi. Alikubali kuwa madai yao yana msingi, akaweka haja ya umma mbele, na akaifidia haja hiyo kwa kumfungulia mlango mnyonge. Na kwamba jambo hili lilikuwa nyeti mno, historia inashuhudia: katika malalamiko waliyoyabeba waasi dhidi ya Sayyidna Uthman (r.a.) mwishoni mwa ukhalifa wake, moja lilikuwa kwamba ameipanua hima. Yeye alijibu kwamba aliipanua kwa sababu ngamia wa sadaka wameongezeka. Jibu lake lilikuwa la haki, lakini wenye fitina walikuwa wamekwisha kupata neno la kusema.

Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria, aliyakusanya haya katika mlango maalumu wa al-Ahkam as-Sultaniyya. Anasema kiongozi haruhusiwi kuifunga ardhi yote isiyo na mwenyewe wala sehemu yake kubwa, wala haruhusiwi kuifunga kwa ajili ya watu maalumu au matajiri. Akiifunga sehemu kwa maslahi ya Waislamu wote au kwa ajili ya maskini wao, hapo pana kauli mbili, na iliyo na nguvu katika madhehebu yetu ni kwamba inafaa. Akaongeza kuwa haimfai mtawala kuwatoza wenye mifugo malipo kwa malisho ya ardhi isiyo na mwenyewe au ya hima, kwa kuwa watu ni washirika katika maji, majani na moto. Na katika vitabu vyetu vya Kishafii imeelezwa kwamba mwenye nguvu akiingiza mifugo yake ndani ya hima huzuiwa na kutolewa, wala hatozwi fidia ya majani.

Hima ni ya malisho. Ama wanyama wa mwitu, hao walilindwa kwa mlango mwingine, mlango wa haram na ihram. Suuratul Maaidah kuanzia aya ya 94 inaeleza kwamba waumini walijaribiwa kwa mawindo yaliyokaribia kiasi cha kufikiwa na mikono na mikuki yao, ili ajulikane nani anamwogopa Mola wake kwa ghaibu. Aya inayofuata inakataza kuua mawindo katika ihram, na anayeua kwa makusudi atoe mfano wake katika mifugo, kwa hukumu ya watu wawili waadilifu.

Kuna kisa ndani ya Muwatta na vitabu vya tafsiri kinachohusu swala hasa. Mtu mmoja aliyekuwa katika ihram alimpata swala akamuua, akaenda kwa Umar. Umar akamgeukia Abdurrahman bin Awf aliyekuwa ubavuni mwake, wakashauriana, wakahukumu atoe mbuzi. Mtu yule alipotoka alimwambia mwenzake kwamba Amirul Muuminin hakujua hukumu ya swala mpaka alipomuuliza mtu mwingine. Habari zikamfikia Umar, akamwendea na kiboko chake, akamfahamisha kuwa Kitabu chenyewe kimetaka wahukumu wawili. Kwa swala mmoja, khalifa wa dola iliyokuwa imeziangusha Fursi na Sham hakutoa hukumu peke yake.

Nataja hapa jambo la lugha, kwani wanafunzi hulikosea. Neno la Kiarabu dhabyun hutarjumiwa na wengine paa na wengine swala, na yote mawili yanafaa. Ama ayyil, ambalo Kiswahili kimelichukua kuwa ayala, ni mnyama wa pembe zenye matawi wa nchi za baridi, naye hayupo katika mapori yetu. Wanyama wa Katavi ni swala, tohe, kuro, nyamera, kongoni, korongo, palahala na pofu, nao hukumu yao ni moja: ni halali. Punda milia wetu vile vile wanavyuoni humweka pamoja na punda mwitu wa as-Sa'b. Na kile kisa cha paa aliyemsalimu Mtume (s.a.w.), kinachopendwa sana katika kaswida na tenzi zetu, Ibn Hajar ameeleza kwamba hakukipatia isnadi, si yenye nguvu wala dhaifu. Tusikihitaji basi, kwa kuwa yaliyo sahihi yanatutosha.

Katika yaliyo sahihi ni maneno ya Abu Hurayra (r.a.) kwamba lau angewaona swala wakila majani ndani ya Madina asingewashtua, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) ameiharimisha baina ya majabali yake mawili meusi. Muslim amepokea pia kwamba Mtume aliweka eneo la maili kumi na mbili kuzunguka Madina kuwa hima. Na amepokea kwamba Sa'd bin Abi Waqqas (r.a.) alimkuta mtumwa akikata mti ndani ya haram hiyo akamvua alichovaa. Wenyewe walipokuja kukiomba, akakataa kurudisha kitu alichopewa na Mtume. Abu Hanifa hakuona kuwa Madina ina hukumu ya uwindaji kama ya Makka. Shafii, Malik na Ahmad waliona kuwa ni haramu kuwinda humo. Ama kuchukua kile alichonacho mkosaji, kauli mpya ya Imam Shafii haikukubali, na ile ya zamani ilikubali, nayo ndiyo aliyoichagua an-Nawawi kwa nguvu ya hadithi ya Sa'd. Wanaodhani kwamba kumnyang'anya jangili vyombo vyake ni uzushi wa juzi, na wausome mlango huo.

Sasa tuje kwetu. Nchi hii ya Wakonongo, Wabende na Wapimbwe haikuwa pori tupu. Mwaka 1871, vita vya Mirambo na Waarabu wa Tabora vilipoifunga njia ya Ujiji, msafara wa Stanley ulizunguka kusini kupitia Ukonongo, nao ulipita kwenye vijiji, mashamba na mbuga zilizojaa wanyama. Misafara ya watu wa pwani ilikuwa imekwisha kutangulia. Uislamu uliingia bara kwa njia hizo hizo, na lazima tuseme kweli: njia hizo zilifunguliwa na pembe za ndovu, na pamoja na pembe wakapita watumwa. Tippu Tip na wenzake walipoendelea kuvuka Ziwa Tanganyika kuingia Manyema, moja ya sababu ilikuwa kwamba ndovu wa upande huu walikuwa wamepungua. Ajabu ni kwamba katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani, pembe ya ndovu ni najisi, na kuuza kilicho najisi hakusihi. Hukumu hiyo ilisomwa katika darsa za Lamu na Unguja, na meli zikaendelea kupakia. Kwa hiyo tunapolaumu bunduki za Wazungu, na tunazo sababu za kuzilaumu, tusijifanye kwamba sisi tulikuwa watazamaji.

Wajerumani walikuja na sheria. Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kwanza ya uwindaji katika koloni lao, iliyotaka vibali na kutenga maeneo ya kwanza ya hifadhi. Eneo la Katavi lilifungwa mwaka 1911, na Waingereza wakalifanya Pori la Akiba la Rukwa mwaka 1932. Sheria hizo zilimpa kibali mwenye bunduki na fedha, na zikampiga marufuku mwenye wavu, shimo na mshale. Mtu ambaye babu yake aliwinda swala kwa ajili ya chungu cha nyumbani aliamka akiwa mwizi, na bwana aliyetoka ng'ambo kutafuta pembe za kutundika ukutani akawa mwindaji halali. Ukitaka kuipima hima hiyo kwa mizani ya al-Mawardi, ni hima iliyofungwa kwa ajili ya matajiri.

Mji wetu wenyewe ulikua baadaye, kwa mgodi wa risasi, ile madini, na kwa reli iliyofika Mpanda kutoka Kaliua mwaka 1950. Mgodi ulipofungwa miaka kumi baadaye, wengi walirudi kwenye mashamba na mapori. Baada ya uhuru, mwaka 1974, Katavi ikawa Hifadhi ya Taifa, na mwishoni mwa miaka ya 1990 ikapanuliwa kufikia kilomita za mraba 4,471. Mkoa wenyewe uliochukua jina hilo ulizaliwa mwaka 2012 kutoka Rukwa. Jina ni la Katabi, mwindaji wa kale wa Wabende, ambaye inaaminiwa kwamba roho yake inakaa katika mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi, na watu wamekuwa wakiweka sadaka chini ya mti huo kuomba baraka. Hili kwa Muislamu halina mjadala. Maswahaba waliokuwa wapya katika dini walipoomba, wakielekea Hunayn, wawekewe mti wa kutundika silaha kama Dhat Anwat ya washirikina, Mtume (s.a.w.) aliwakataza kwa ukali na kuwafananisha na watu wa Musa walioomba mungu. Mti haudhuru wala haunufaishi. Lakini mwanahistoria ataona pia kwamba mwindaji aliyepewa heshima na wazee wale si yule aliyemaliza wanyama.

Nirudi kwenye swali la nyama. Mnyama wa mwitu kwa asili ni mubaha, humilikiwa na aliyemkamata. Sheria ya nchi yetu, yaani Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, inasema wanyama wote ni mali ya umma na wamewekwa chini ya Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Maana hii haiko mbali na hima ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake, kwani kiongozi hapo ni wakili wala si mmiliki. Akizuia mubaha kwa maslahi yaliyo wazi, kumtii ni wajibu. Na maslahi hapa yako wazi: tafiti za Tim Caro na wenzake waliofanya kazi Katavi tangu miaka ya 1990 zimeonyesha kupungua kwa aina kadhaa za wanyama wakubwa.

Je, nyama ya aliyevunja katazo hili ni mzoga? Ninavyoona, hapana, ikiwa kuchinja kumetimia. Pori la serikali si haram ya Makka, na dhambi ya mwindaji haiibatilishi dhabihu yake. Lakini anayeinunua akijua ilikotoka amesaidia katika dhambi, na aya ya pili ya Suuratul Maaidah imelikataza hilo.

Kuna jambo lililo zito zaidi ya hilo, na wanaouliza kwa sauti ya chini hawalitaji. Mawindo mengi ya magendo hayauawi kwa risasi. Hunaswa kwa waya. Mnyama aliyekufa kwa kukabwa ni munkhaniqa, na aliyekufa kwa kuanguka shimoni ni mutaraddiya, na wote wawili wametajwa kwa majina katika aya ya tatu ya sura hiyo hiyo miongoni mwa vilivyoharamishwa, isipokuwa akidirikiwa yu hai akachinjwa. Nani aliyekushuhudia kuchinjwa kwa nyama iliyofika mlangoni saa nane za usiku ndani ya gunia? Wengine hutoa hoja ya hadithi ya Bi Aisha (r.a.), kwamba watu walioletewa nyama bila kujua kama ilitajiwa jina la Mwenyezi Mungu waliambiwa wataje jina lake wenyewe na wale. Hoja haikai hapa. Shaka ya kule ilikuwa ni kutajwa kwa jina tu, na waliochinja walijulikana kuwa ni Waislamu wapya. Shaka ya huku ni kama pamekuwa na kuchinja. Hadithi inayokaa hapa ni ya Adiyy bin Hatim (r.a.), aliyefundishwa kwamba akimkuta mnyama aliyempiga mshale ameangukia majini asimle, kwa kuwa hajui ni maji au ni mshale uliomuua. Kukiwa na shaka katika sababu ya kufa, nyama huachwa.

Ama aliyepigwa kwa bunduki kwa kibali, wanavyuoni wa zamani walikataza kilichouawa kwa bunduq, lakini bunduq yao ilikuwa kijidonge cha udongo kinachoua kwa kishindo. Bunduki ya baruti ilipokuja walihitilafiana: Ibn Abidin hakuihalalisha, kwani aliona inaua kwa moto na uzito, ash-Shawkani aliihalalisha, kwa sababu risasi hutoboa kama mshale. Wengi leo wako na ash-Shawkani, nami ni pamoja nao. Kwa hiyo mabucha ya nyamapori yaliyoruhusiwa na kanuni za mwaka 2020 ni mlango mzuri, kwa sharti maimamu wa eneo waulize mpigaji ni nani na mnyama aliyekutwa hai amechinjwa na nani. Ni kazi ndogo kuliko kutoa fatwa gizani. Na wawindaji wa kitalii wanaolipia ngozi na pembe pekee hawakutoka salama: Mtume (s.a.w.) amekataza kiumbe chenye roho kufanywa shabaha, na imepokewa na an-Nasai kwamba anayemuua hata shomoro bila haki ataulizwa, na haki yenyewe ni kumchinja na kumla.

Upande wa wafugaji, mizani ya Umar kwa Hunayy haijaandikwa upya. Oktoba 2013 ilianza Operesheni Tokomeza dhidi ya majangili. Nia ilikuwa njema, kwa kuwa ndovu walikuwa wanamalizwa nchi nzima. Lakini kamati ya Bunge ilipoleta taarifa ya mateso, vifo na mifugo iliyoangamizwa, operesheni ikawa imekwisha kusitishwa, na mwezi Desemba mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao. Dua ya aliyedhulumiwa ndiyo jambo la kwanza Umar alilolitaja, kabla ya mipaka na kabla ya mifugo. Wakati huo huo si kila mwenye ng'ombe ni mwenye ngamia wachache. Makundi ya mamia kwa mamia yanayoingizwa hifadhini kwa niaba ya tajiri anayekaa mjini ndiyo mifugo ya Ibn Awf na Ibn Affan, na kumwonea haya mwenye kundi kama hilo huku ukimkamata mwenye ng'ombe sita ni kuugeuza wasia juu chini.

Ndugu zetu wa Oman wana somo hapa. Choroa wa Arabuni, mnyama mweupe wa pembe ndefu ambaye mabedui walimwinda karne nyingi kwa mshale na kwa miguu, alimalizwa porini mwaka 1972 baada ya magari na bunduki kuingia jangwani. Waliobaki katika bustani za wanyama walizalishwa, na mwaka 1982 wakarudishwa Jiddat al-Harasis, wakilindwa na watu wa kabila la Harasis wenyewe. Walifikia kiasi cha mia nne na nusu. Mwaka 1996 wezi wa wanyama hai wakaanza kuwakamata, na idadi ikashuka hadi wachache. Mwaka 2007 eneo hilo likawa la kwanza duniani kuondolewa katika orodha ya Urithi wa Dunia, baada ya hifadhi kupunguzwa kwa asilimia 90. Kabila lililindwa na likalinda. Aliyeshindwa ni mnunuzi tajiri kuizuia nafsi yake.

Limebaki suala la maji, na katika Katavi pengine ndilo kubwa kuliko bunduki. Mto Katuma, unaonywesha mbuga hizi zote, umekuwa ukikauka mapema zaidi wakati wa kiangazi, na viboko hujazana kwenye madimbwi ya tope, wakati huko juu mabanio ya mashamba ya mpunga yameshika maji. Katika Muwatta imepokewa hukumu ya Mtume (s.a.w.) juu ya vijito viwili vya Madina, Mahzur na Mudhaynib: aliye juu ashike maji mpaka yafike kwenye vifundo vya miguu, kisha ayaachie yaende kwa aliye chini yake. Waliohukumiwa walikuwa wakulima kwa wakulima. Je, wanyama walioko chini ya mto wanaingia katika neno "aliye chini"? Wenye kiu miongoni mwa viumbe wenye roho wana haki katika maji yaliyozidi haja, na hadithi ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa inajulikana na kila mtoto wa madrasa. Baadhi ya wenye mabanio ya Katuma tunaswali nao safu moja siku ya Ijumaa, na hukumu ya Mahzur ni ya mistari michache, yatosha khutba moja kabla msimu wa mpunga haujaanza.